Nafasi Moja ya Mnara wa Itundula

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zetu bali zamani ya juzi, wakati nchi tano zilipokuwa zimeungana kuwa Shirikisho moja, palikuwa na mji wa nyanda za juu ulioitwa Itundula. Ulikuwa mji wa viazi na pareto, mji wa baridi na ukungu. Barabara yake ilimezwa na matope kila masika, hivyo mgonjwa wa Itundula alisafiri kwa ndege, dawa ilikuja kwa ndege, na hata mwalimu mgeni alishuka kwa ndege, ndege ndogo yenye makelele kama mashine ya kusaga.

Kiwanja cha ndege cha Itundula kilikuwa na mnara, na mnarani walikuwamo waongoza ndege watatu. Kazi yao ilikuwa kuzungumza na marubani kwa redio: wewe ngoja, wewe shuka, wewe jihadhari na upepo. Niwataje wote watatu, maana hadithi ni yao.

Mmoja aliitwa Ambakisye. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa mvi na maneno machache. Alikuwa na sauti ya taratibu, na marubani walisema ukiisikia sauti ile ukiwa juu ya mawingu, moyo unarudi mahali pake. Aliishi na mkewe na wajukuu, na miaka yake ya kustaafu ilikuwa inabisha hodi.

Mwingine aliitwa Tusekile. Hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na mama yake tu. Tusekile hakujua kulala na neno tumboni. Kama jambo limepinda, atasema limepinda, awepo meneja, asiwepo meneja.

Na wa tatu aliitwa Gwakisa, mwanamume wa mabega mapana na cheko kubwa. Alikuwa na mkewe Enesi na binti yao mdogo, Lugano. Mtoto yule alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Baridi ikizidi, mifupa humuuma hadi analia bila sauti, na baba yake humbeba mgongoni kumpeleka hospitali.

Watatu hawa walifanya kazi moja, lakini hakuna aliyekuwa mwajiriwa wa kudumu. Walipewa mikataba ya msimu. Msimu ukiisha wanaitwa tena, au hawaitwi. Hawakuwa na bima ya matibabu, hawakuwa na pensheni. Mshahara wao ulitoka katika mfuko wa Shirikisho, na mfuko ule haukufunguliwa na mtu yeyote isipokuwa Bunge. Kila mwaka Bunge lilipitisha sheria ya anga, na sheria ikipita, mishahara hutoka.

Basi mwaka mmoja Bunge likagombana. Wabunge wa nchi hizi wakasema fedha za anga ni nyingi mno, wabunge wa nchi zile wakasema ni kidogo mno. Hawa wakatoka nje ya ukumbi, wale wakarudi ndani. Hawa wakarudi ndani, wale wakatoka nje. Sheria ikakwama, mfuko ukafungwa.

Lakini ndege hazikukwama. Ndege ziliendelea kuruka, na sheria ya zamani ilisema wazi: mwongoza ndege haruhusiwi kugoma. Akigoma ni jela. Akitaka, aondoke, jina lake lifutwe. Akibaki, afanye kazi, alipwe siku Bunge litakapopatana.

Mwezi ukapita bila mshahara. Wakasema tuvumilie. Mwezi wa pili ukapita, wenye maduka wakaacha kukopesha. Mwezi wa tatu ulipoingia, Lugano akaugua. Gwakisa akambeba mgongoni hadi hospitali, na pale dirishani akaulizwa, "Bima?" Akasema, "Sina." Akaulizwa, "Fedha taslimu?" Akasema, "Ninalidai Shirikisho." Wauguzi wale hawakuwa watu wabaya, walimpa mtoto dawa ya maumivu kwa siri. Lakini damu aliyohitaji hakuipata mpaka Enesi alipouza kitanda chao.

Kesho yake watatu wakakutana mnarani wakati wa kupokezana zamu. Ndege ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka. Walikaa wakitazama njia ya kurukia, mpaka Ambakisye alipozungumza.

"Tukiondoka wote, kiwanja kinafungwa," alisema.

"Tukibaki wote, tunakufa njaa wote," alisema Gwakisa.

"Na tukinyamaza wote, watatusahau wote," alisema Tusekile.

Wakatazamana. Kila mmoja aliona kwamba mwenzake amesema kweli.

Gwakisa ndiye aliyesimama kwanza. Alivua kitambulisho chake shingoni akakiweka juu ya meza. "Kaka Ambakisye, nisamehe. Siwezi kumwambia mtoto avumilie mpaka Bunge lipatane. Kule bondeni wanachoma matofali, wanalipa kila jioni. Naenda."

Ambakisye hakumlaumu. "Nenda, mdogo wangu," alisema. "Mtoto kwanza."

Meneja wa kiwanja, Bwana Kajula, akafanya kama sheria ilivyosema. Akalifuta jina la Gwakisa.

Wiki haikuisha, Tusekile naye akamwendea mama yake. Mama alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi.

"Mama, nataka kwenda makao makuu, kwenye Bunge. Watu wa viwanja vingine wamekwisha kwenda. Lakini nikienda, nani atakutazama?"

Mama aliendelea kumenya. "Hapa unanitazama ukiwa na njaa," alisema. "Nenda ukawatazame wao. Labda wataona haya."

Tusekile akaondoka kwa lori la viazi, na jina lake nalo likafutwa. Na Ambakisye akabaki peke yake na redio.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa kila mtu ameshika njia yake. Hawakuapa, hawakuwekeana masharti. Hakuna aliyesema, mimi nitafanya hili ili nipewe lile.

Ambakisye alifika mnarani kabla ya ndege ya kwanza na kuondoka baada ya ndege ya mwisho. Alifanya zamu ya watu watatu. Viwanja jirani vilifungwa kimoja baada ya kingine, kwa kuwa watu wake walikata tamaa wakaondoka wote. Itundula ikabaki wazi peke yake katika nyanda zile zote, na ndege zilizokuwa za wengine zikawa zake. Watu waliona suruali yake ikilegea kiunoni mwezi hata mwezi. Wakimwuliza, "Mzee, umekula?" hujibu, "Nitakula." Hakusema lini.

Tusekile alilala katika ukumbi wa kanisa pamoja na watumishi wengine wa viwanja vya ndege, wazima moto, wakaguzi wa mizigo, mafundi. Kila asubuhi walisimama kwenye lango la Bunge. Magari ya waheshimiwa yalipita yakiwa na vioo vyeusi. Walinzi waliwasukuma, nao walirudi. Mvua iliwanyeshea, nao walirudi. Wenzake wengi walichoka wakaenda makwao, lakini yeye alirudi langoni hata mlinzi mmoja akawa anamwekea chai kwenye chupa. "Dada, wewe hukomi?" mlinzi alimwuliza. Akajibu, "Nikome nirudi na nini?"

Naye Gwakisa alichoma matofali. Mikono iliyozoea kipaza sauti ikapasuka, macho yakawa mekundu kwa moshi. Kwanza fedha yote ilikuwa ya Lugano. Lakini siku moja, akirudi nyumbani, alimwona mke wa Ambakisye ameinama katika shamba lililokwisha kuvunwa, anafukua viazi vilivyosahaulika, vidogo kama kokoto. Mama yule alipomwona alijifanya anatafuta hereni.

Gwakisa akamsaidia kuitafuta ile hereni ambayo haikuwepo. Na tangu jioni ile akawa anagawa ujira wake mafungu matatu: fungu la mtoto wake, fungu la nyumba ya Ambakisye, fungu la mama yake Tusekile. Unga aliuacha mlangoni bila kupiga hodi. Enesi alinung'unika, nami simlaumu, alikuwa analala chini. "Tunagawa kilicho kidogo," alisema. Gwakisa akamjibu, "Mke wangu, yule mzee akianguka, nani atapokea ndege inayoleta damu ya Lugano?" Kuanzia hapo Enesi mwenyewe ndiye aliyepeleka unga.

Sasa ikaja siku ya ukungu.

Ilikuwa mchana, lakini mchana wa Itundula wakati wa masika huweza kuwa mweupe kama maziwa, usione mkono wako. Ndege ilikuwa inatoka kanda ya ziwa, viti vyote vimejaa, na ndani yake mlikuwa na mama aliyepakata mapacha wachanga. Rubani aliomba kutua viwanja jirani, hakuna aliyemjibu. Akaita Itundula. Ambakisye akamjibu, "Nakusikia, ndugu yangu. Zunguka juu ya mawingu, nikuangalizie nafasi." Hakumaliza kusema, umeme ukakatika. Redio ikanyamaza.

Kulikuwa na jenereta, lakini jenereta hunywa dizeli, na dizeli hununuliwa kwa fedha za mfuko, na mfuko ulikuwa umefungwa. Tangi lilikuwa kavu. Ambakisye alifungua dirisha la mnara. Alisikia ndege inazunguka huko juu. Inazunguka, inazunguka. Hakuweza kuondoka, hakuweza kusema.

Kule bondeni, Gwakisa alikuwa amebeba matofali. Akasikia ndege imepita juu mara ya kwanza, hakushtuka. Ikapita mara ya pili, akainua kichwa. Ikapita tena, na hapo akagundua kwamba mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imezimika. Akaelewa. Akatupa matofali, akamkimbilia mwenye tanuru.

"Mzee Mwasile, nipe dumu moja la dizeli!"

"Fedha?"

"Kata kwenye ujira wangu. Kata wote wa mwezi. Nipe!"

Mzee Mwasile alisikia mngurumo juu ya kichwa chake akaacha kuuliza. Gwakisa akaliweka dumu begani akapanda mlima, miguu ikiteleza kwenye matope, mara anaanguka, mara anainuka, dizeli inamwagikia shingoni. Alifika, akamimina, akavuta kamba ya jenereta. Ikakataa. Akavuta tena. Ikakohoa, ikakubali.

Huko juu rubani alikuwa amekwisha kuanza kupaza sauti. "Itundula! Itundula! Mafuta yanakwisha!"

Na sauti ya taratibu ikamrudia, kana kwamba haikuwa imekatika. "Nipo, ndugu yangu. Nipo hapa. Ukungu unafunguka upande wa mikaratusi. Unafunguka na kufunga. Njoo upande huo, ungoje neno langu." Ambakisye alikuwa amesimama dirishani, kipaza sauti mkononi. Akasema, "Bado." Akasema, "Bado." Gwakisa, chini kwenye ngazi, aliuma kidole. Ukungu ukafunguka kama pazia. "Sasa. Shuka."

Ndege ikashuka. Magurudumu yakagusa ardhi, ikakimbia, ikasimama. Abiria wakateremka wakijifunga mashuka kwa baridi. Mmoja alilalamika kwamba wamecheleweshwa.

Gwakisa alipopanda mnarani alimkuta Ambakisye amekaa sakafuni, hawezi kusimama. Hakuwa amekula tangu juzi yake. Ule unga ulioachwa mlangoni alikuwa akiwaachia mkewe na wajukuu. Gwakisa akamshika mabega, na wanaume wale wawili wakalia, wala sioni haya kusema hivyo.

Jioni ile Gwakisa akampigia simu Tusekile akamweleza yote. Tusekile akasikiliza, kisha akasema, "Kamati ya Bunge imekubali kutusikiliza keshokutwa. Nitayasema haya."

Lakini kesho yake simu ikalia tena, na safari hii Gwakisa alishindwa kuanza.

"Sema, kaka," Tusekile alimwambia.

"Dada Tuse, mama ametutoka. Asubuhi hii. Alikuwa na homa, akalala, hakuamka."

Ndege ya makao makuu hadi Itundula haikuwepo siku zile. Kwa njia ya nchi kavu, kwa matope yale, angefika mama amekwisha kuzikwa au asingefika kabisa, na kamati ingeondoka bila kumsikia mtu wa Itundula. Tusekile alikaa kwenye ngazi za kanisa. Wenzake walimwambia, "Nenda nyumbani, hakuna atakayekulaumu." Alikaa pale mpaka chai aliyopewa ikapoa. Kisha akampigia Gwakisa. "Mzike mama yangu," alisema. "Mweleze niko wapi. Ongea naye kama unavyoongea na mtu hai."

Gwakisa akachimba kaburi kwa mikono yake. Ambakisye aliteremka kutoka mnarani kati ya ndege moja na nyingine, akatupa udongo, akarudi mbio.

Siku ya kamati, Tusekile alisimama mbele ya waheshimiwa, kitambaa cheusi kichwani. Mwenyekiti akamwambia, "Tafadhali fupisha."

"Nitafupisha, mheshimiwa," alisema. "Juzi ndege iliyojaa wananchi wenu ilishushwa Itundula. Aliyeishusha hakuwa amekula. Umeme uliomwezesha kuishusha ulitokana na dumu la dizeli alilokopa mchoma matofali. Hiyo ndiyo anga ya Shirikisho. Inaning'inia kwenye njaa ya mtu mmoja na deni la mtu mwingine."

Mbunge mmoja akauliza, "Huyo aliyeleta dizeli ni mtumishi wenu?"

"Alikuwa. Sheria yenu imemfuta."

Mwenyekiti akavua miwani. "Na wewe, binti, hicho kitambaa?"

"Mama yangu amezikwa jana, mheshimiwa. Sikuwepo, kwa sababu leo nilikuwa na miadi na nyinyi."

Sitasema kwamba ndiye yeye peke yake aliyewageuza. Magazeti yaliandika, wenzake wa viwanja vingine walisimama, watu wa kanda ya ziwa walipiga kelele. Lakini waliokuwamo ukumbini walisema kwamba baada ya maneno yale, hakuna mheshimiwa aliyethubutu kutoka nje tena. Wiki ile ile sheria ikapita.

Tusekile akarudi Itundula na ndege ya kwanza. Ambakisye ndiye aliyeishusha. Gwakisa alikuwa chini akingoja na Lugano mabegani. Kwanza walikwenda kaburini, watatu. Kisha wakaenda nyumbani kwa Ambakisye wakala ugali na maharage, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Laiti hadithi ingekoma hapo.

Asubuhi Bwana Kajula akawaita ofisini. Watumishi wengine wakajaa mlangoni na madirishani, wazima moto, wafagizi, mama wa uji.

"Sheria imefika," alisema Bwana Kajula. "Mishahara yote ya nyuma italipwa. Waliofutwa wamesamehewa, wanaweza kurudi kazini." Watu wakapiga vigelegele. Akainua mkono. "Subirini. Waongoza ndege wataendelea na mikataba ya msimu kama zamani. Lakini kila kiwanja kidogo kimepewa ajira ya kudumu. Mshahara kamili, bima ya matibabu ya mtu na familia yake, na pensheni, pamoja na miaka yote ya nyuma aliyotumikia." Akatazama karatasi mkononi mwake. "Nafasi ni moja."

"Moja?" mama wa uji aliuliza.

"Moja."

Tusekile akainamisha uso. "Niliomba tatu," alisema. "Nilisimama nikaomba tatu. Usiku wa kupiga kura wakasema tatu haziwezekani, chukueni moja au msubiri mwaka mwingine. Tukachukua."

"Inasema apewe nani?" Gwakisa aliuliza.

Bwana Kajula akasoma kwa sauti: "Apewe mtumishi ambaye, lau si yeye, kituo kisingebaki wazi."

Hapo wale watatu, waliokula sahani moja jana yake, wakashindwa kutazamana.

"Tupige kura ya karatasi," Bwana Kajula alisema. "Tuandike majina, tuyakunje, mtoto achague."

"Hapana," Tusekile akasema. "Sikukosa maziko ya mama yangu ili mambo yaishe kwa bahati nasibu. Kila mtu aseme. Nawe uamue, ndiyo kazi yako."

Basi Ambakisye akasimama. Akasema:

"Nilitoka nyumbani nimekusudia kusema apewe Gwakisa. Nimefika hapa, ulimi umekataa. Ndugu zangu, mimi nimezeeka ndani ya mnara huu. Msimu baada ya msimu, maisha yangu yote. Nikistaafu bila nafasi hii, natoka mikono mitupu kama nilivyoingia, na mke wangu atarudi kufukua viazi katika mashamba ya watu. Mlipoondoka sikuwalaumu, na leo siwalaumu. Lakini mliondoka. Mimi nilibaki. Kituo kuwa wazi maana yake nini, kama si kuwa na mtu kwenye redio? Mtu huyo alikuwa mimi. Kila siku, alikuwa mimi."

Watu wakasema, "Kweli."

Gwakisa akasimama. Cheko lake halikuwepo.

"Kaka, ulibaki. Lakini ulibaki ukila nini? Nyumba yako ilisimama kwa unga gani? Sikutaka kulitaja, wala sikuwahi kulitaja, lakini leo naulizwa. Na siku ya ukungu ulikuwapo, kaka, ulikuwapo na redio imekufa. Sauti yako ilirudi kwa dumu lililopanda begani mwangu, na hilo deni nalilipa kwa mwezi mzima wa moto. Wanasema nilitoroka. Ndiyo, jina langu lilifutwa. Kazi yangu haikufutwa. Na kuna hili la mwisho." Akawageukia wote wawili. "Nyinyi mkikosa nafasi hii, mtaishi kwa shida. Lugano akikosa bima, siku moja ya baridi nitafika dirishani kule hospitali, nami sina kitanda kingine cha kuuza."

Watu wakasema, "Kweli." Mama wa uji akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Tusekile akasimama mwisho.

"Mnanitazama mnasema, huyu hana mume, hana mtoto, hana tena hata mama. Hana mzigo. Lakini asiye na mtoto naye ana kesho, na ataugua, na atazeeka, tena bila wa kumshika mkono. Kaka Ambakisye, ulikiweka kituo wazi. Kaka Gwakisa, ulimweka hai aliyekiweka wazi. Lakini mngeendelea mpaka lini? Ungeanguka wewe, au ungevunjika mgongo wewe, na kituo kingefungwa kama vile vingine. Kipo wazi leo kwa sababu mfuko umefunguliwa, na kuufungua ndiko nilikokwenda. Hii nafasi mnayoigombea, mimi ndiye niliyeileta, na bei yake mnaijua, mliizika wenyewe. Halafu jueni: nyinyi mkirudi kwenye mkataba wa msimu, msimu ujao mtaitwa. Mimi wakubwa wameshanijua sura na jina. Nani atamwita tena mwanamke aliyewaaibisha? Kwangu mimi, kukosa nafasi hii ni kufukuzwa."

Watu wakasema, "Kweli." Na waliposema kweli mara ya tatu, Bwana Kajula akashika kichwa.

Aliwauliza wafanyakazi. Wazima moto wakasema Ambakisye, tuzo ya askari hapewi mwenzake aliyeacha lindo. Wanawake wa uji na wafagizi wakasema Gwakisa, kwanza roho ya mtoto, mengine baadaye. Wakaguzi wa mizigo wakasema Tusekile, anayekuletea chungu jikoni humnyimi chakula. Rubani wa ile ndege ya ukungu alikuwa amepita siku hiyo, akaulizwa naye. "Mimi nilisikia sauti moja tu," alisema, "lakini sikujua kama ilikuwa ya mtu mmoja." Akaenda zake bila kutaja jina.

Enesi naye alimwendea mke wa Ambakisye, akamkuta mlangoni. Wakakaa pamoja wakimenya viazi, kila mmoja akimwombea mumewe moyoni na kumwonea haya mwenzake.

Meneja alipewa siku ile tu. Jina lilipaswa kupelekwa makao makuu, na kama lisingepelekwa, nafasi ingepewa kiwanja kingine. Kwa hiyo hakuweza kuwaandika watatu, hakuweza kumwandika wa nne, hakuweza kuacha.

Wale watatu walingoja nje, kwenye benchi moja, bega kwa bega kwa sababu ya baridi. Ndege ikaita. Ambakisye akainuka kwenda kuijibu, miguu haikumkaa sawa, na Gwakisa na Tusekile wakamshika kila mmoja mkono wake, wakapanda naye ngazi.

Mimi nimewafikisha hapo, sina zaidi. Mmoja alibaki, mmoja alilisha, mmoja alidai. Nyinyi mlionisikiliza, jiwekeni katika kiti cha Bwana Kajula: nafasi ile ni ya nani? Na mkishalitaja jina lake, semeni pia, mtatoka nje mkawaambie nini wale wawili?